Aliyeogopa Kurudia Nguo: Uchambuzi wa Kisa cha Kijana Mmoja wa Kanisa

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 23, aliyelelewa kanisani tangu utotoni, mwenye sauti nzuri na aliyekuwa kiongozi wa sifa katika ibada ya vijana, ambaye kwa miezi kadhaa aliacha kuhudhuria ibada bila kumweleza mtu sababu. Wenzake walidhani ameanguka dhambini; wazazi wake walihofu kwamba ameingia katika kundi baya. Sababu yenyewe, alipoitoa hatimaye, ilikuwa fupi: hakuwa tena na nguo mpya ya kusimama nayo mbele ya watu, na hakuwa na fedha za kununulia nyingine. "Mwalimu," aliniambia, "nikirudia nguo pale mbele, wataona nimeishiwa." Jina lake na mambo yote yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha kando.

Naandika nikiwa mlezi wa vijana, kwa ajili ya walezi wenzangu na kwa vijana wenyewe, kwa sababu naamini mara nyingi tunakosea mahali pa kuanzia. Tukimwona kijana aliyezama katika mitindo, tunaanza na nguo zake: tunazikemea, tunazipunguza, tunazipiga marufuku. Kwa kijana huyu nguo zilikuwa jibu alilojitafutia kwa swali ambalo hakuna aliyemsaidia kulijibu, yaani yeye ni nani na ni wa nani. Na swali hilo likiachwa wazi, mtu anaweza kuvua suti na kuvaa gunia na bado akaendelea kuwa mtumwa wa macho ya watu.

Jinsi ilivyoanza

Alipokuwa mdogo alivaa nguo alizoachiwa na kaka yake, suruali zilizokunjwa pindo mara mbili na mashati yaliyompwaya mabegani, na wenzake walimpa jina la utani ambalo mpaka leo hapendi kulitamka. Akiwa na miaka 18 alipata kibarua chake cha kwanza, akanunua shati, suruali iliyomkaa vizuri na viatu, akaenda navyo kanisani. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsemesha, alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Leo umependeza, mwanangu." Kijana anakumbuka mahali walipokuwa wamesimama na watu waliokuwa wakipita nyuma yao. Mzee yule hakufanya kosa lolote, maana alisema neno jema. Ila lilikuwa neno jema la kwanza ambalo kijana yule alikuwa ameambiwa na mkubwa yeyote katika nyumba ile, nalo lilikuja pamoja na nguo.

Tangu hapo alijifunza mavazi kwa bidii ya mwanafunzi. Alifikia mahali pa kugusa kola na kujua kama bitana yake imegundishwa au imeshonwa, na kwa kuutazama mshono wa bega aliweza kusema kama koti lilikatwa na fundi anayejua kazi. Huu ulikuwa ujuzi wa kweli, nami nitaurudia baadaye. Akajulikana kuwa mtanashati wa kanisa. Alipoombwa kujiunga na waongozaji wa sifa, sauti yake ilistahili kabisa, lakini aliyemwita alimwambia wazi kwamba pale mbele wanahitajika watu wanaovutia. Picha zake zikaanza kuwekwa kwenye kurasa za kanisa mtandaoni, na kila wiki aliangalia ni watu wangapi wamezipenda, kisha akailinganisha picha ya wiki hii na ya wiki iliyopita.

Mapato yake hayakutosha. Alikopa kwa rafiki, kisha kwa huduma za mikopo ya haraka kwenye simu, kisha akakopa mkopo mmoja ili alipe mwingine. Baadhi ya mashati aliyavaa huku lebo ya duka imefichwa ndani ya kola, ili baada ya ibada ayarudishe. Kuna jambo moja alilonieleza ambalo, kwa maoni yangu, linabeba kisa chote: alikuwa na viatu vya bei kubwa ambavyo hakutaka vipate mikunjo pale vidole vya mguu vinapopinda, kwa hiyo alijizoeza kutembea kwa kukanyaga na unyayo wote kwa pamoja, na kusanyiko lilipoalikwa kupiga magoti, yeye alibaki ameketi kwenye ukingo wa kiti akiwa ameinamisha kichwa. Waliomtazama walidhani amezama katika maombi. Yeye alikuwa akilinda ngozi ya kiatu, na alijua hivyo, na aibu ya kujua ilimfuata mpaka nyumbani.

Dawa ya kwanza, na kwa nini haikuponya

Wazee walipoona hali hiyo walimwita na kumwonya kwa upendo. Walimsomea onyo la Mtume Petro kuhusu kujipamba kwa nje, ingawa aya yenyewe inazungumza na wake, wakamweleza habari za Fransisko wa Assisi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyependa mavazi mazuri na anasa za ujana, ambaye mwaka 1206 hivi alivua nguo zake mbele ya askofu na kumrudishia baba yake. Kijana aliguswa kweli. Aligawa karibu kila alichokuwa nacho, akabaki na mashati meupe na suruali nyeusi, akatoa ushuhuda mbele ya kanisa.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Baada ya muda mfupi alianza kujulikana kuwa yule kijana aliyeiacha dunia. Alialikwa kushuhudia kwenye mikutano ya vijana, na shati jeupe likawa alama yake. Anakiri kwamba alianza kutazama viatu vya wenzake wakiingia ibadani na kuwapima kiroho kwa viatu hivyo. Kisha kijana mwingine akaja na ushuhuda mzito kuliko wake, watu wakamwelekea huyo, na huyu wa kwetu akaumia kwa namna ileile aliyoumia zamani mtu mwingine alipokuja na koti zuri kuliko lake. Hazikupita siku nyingi akarudia mitindo, safari hii kwa siri na kwa mikopo mikubwa zaidi, hadi fedha zilipokwisha kabisa naye akatoweka.

Shati jeupe, basi, lilifanya kazi ileile iliyofanywa na koti la gharama. Yesu aliwahi kuonya juu ya hali hiyo alipowataja wale waliopanua hirizi zao, yaani vijisanduku vya maandiko walivyojifunga, na kuongeza matamvua ya mavazi yao ili watazamwe na watu. Mavazi yale yalikuwa ya kidini kabisa, yaliyotokana na sheria yenyewe, na bado yakawa chombo cha kutafuta sifa. Hata habari za Fransisko zilisimuliwa nusu. Walioandika maisha yake wanaeleza kwamba alipokuwa akimrudishia baba yake nguo, alisema kuwa tangu sasa ataweza kusema kwa uhuru, "Baba yetu uliye mbinguni." Alivua kwa sababu alikuwa amekwisha kumpata Baba. Kijana wetu aliambiwa avue kwanza, na sehemu ile nyingine hakuipata.

Mavazi si jambo dogo

Baadhi ya walezi hujibu visa vya namna hii kwa kusema kwamba nguo ni kitu cha nje tu, kwa hiyo kijana apuuze. Sikubaliani nao. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani William James, alipoandika mwaka 1890 kuhusu vitu ambavyo mtu huviona kuwa sehemu ya nafsi yake, aliutaja mwili kwanza na mavazi mara baada yake, kabla hata ya familia na nyumba. Biblia nayo hailipuuzi jambo hili. Tendo la kwanza la Adamu na Hawa baada ya kuanguka lilikuwa kujishonea majani ya mtini, na kabla ya kuwatoa bustanini Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Aliyewavika ni yuleyule waliyekuwa wamemkosea. Kwa hiyo haja ya kufunikwa na kuonekana vema haikuzuliwa na maduka, wala haiondoki kwa kukemewa.

Tatizo la mitindo ni kwamba haiwezi kutoa inachoahidi. Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel alieleza mwaka 1904 kwamba mtindo hulisha haja mbili zinazovutana, haja ya kufanana na kundi na haja ya kujitofautisha nalo, na kwamba ukishaenea kwa watu wote hukoma kuwa mtindo. Anayetafuta utambulisho wake humo anatafuta makao katika kitu ambacho uhai wake ni kuhamahama. Kijana wetu hakuwa amemsoma Simmel, lakini aliniambia jambo lilelile kwa maneno yake: kila alipofika, wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tena tusimwachie peke yake lawama. Yakobo aliandikia kusanyiko, wala hakumwandikia yule mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri aliyeingia humo. Anawauliza waliokuwa wameketi kwa nini walimpa huyu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame pale au aketi chini. Katika kisa chetu, kanisa lilimwona kijana alipovaa, likampandisha jukwaani kwa sababu ya mvuto, likaeneza picha zake, kisha likamwita na kumwonya kwa kupenda kutazamwa. Wazee wenyewe walilikubali hili tulipolizungumza, na ninawaheshimu sana kwa hilo.

Yusufu na kanzu zake

Andiko lililomfungua kijana huyu halikuwa mojawapo ya yale tunayoyazoea katika mada hii. Tulisoma naye habari za Yusufu polepole, tukitazama nguo zake tu. Akiwa na miaka 17 ana kanzu aliyopewa na baba yake, nayo inamtofautisha na ndugu zake na kuamsha chuki yao. Wanamvua na kumtupa shimoni, kisha wanaichovya kanzu katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba ili aitambue. Katika nyumba ya Potifa, bwana wake Mmisri, anaacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa aliyemtongoza na kukimbia, na vazi hilo linawekwa kuwa ushahidi dhidi yake. Mara mbili, basi, nguo za kijana huyo zilitumiwa kusema uongo juu yake: kanzu ilisema amekufa, naye alikuwa hai, vazi lilisema ni mkosaji, naye hakuwa na hatia.

Kijana wetu alinyamaza kwa muda mrefu tulipofika hapo. Halafu akasema kwamba na zake pia zilikuwa zikisema uongo, ila yeye ndiye aliyezituma.

Nilimwonyesha kitu kinachobaki pale nguo zinapoondoka. Sura ya 39 ya Mwanzo inasema kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu katika nyumba ya Mmisri alipokuwa akiheshimiwa, na inarudia maneno hayo akiwa gerezani, mahali ambapo hapakuwa na kanzu wala cheo cha kujulikana kwacho. Anapoitwa mbele ya Farao, naye sasa ana miaka 30, ananyoa na kubadili nguo, na baadaye Farao anamvika kitani safi na mkufu wa dhahabu shingoni. Yusufu havikatai. Hakuna mahali anapoambiwa kwamba uaminifu wake ungekuwa mkubwa zaidi kama angebaki na nguo za gereza. Kitani kile hakikumwongezea kitu alichokuwa hana, ndiyo maana aliweza kukivaa kwa usalama. Na mwishoni, katika sura ya 45, yule aliyevuliwa kanzu na ndugu zake anawapa ndugu walewale kila mmoja nguo za kubadilisha, na Benyamini anapewa tano.

Kutoka hapo tulihamia kwenye ubatizo wake mwenyewe, ambao alikuwa akiukumbuka kama sherehe ya siku moja. Paulo anawaandikia Wagalatia, "Maana ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo," na aya iliyotangulia hiyo inasema kwamba wamekuwa wana wa Mungu kwa njia ya imani. Kanisa la karne za kwanza liliyaonyesha maneno hayo kwa matendo: aliyebatizwa alivua nguo zake za zamani kabla ya kuingia majini, na alipotoka alivikwa vazi jeupe, ambalo waliobatizwa wakati wa Pasaka walilivaa kwa juma zima kisha wakaliweka. Kuliweka huko nakuona kuwa na maana kubwa kwa kijana wa leo. Vazi jeupe liliwekwa, mwumini akarudi kazini na sokoni na nguo zake za kawaida, na bado alikuwa amemvaa Kristo. Yesu mwenyewe alipotoka majini Yordani, kabla hajahubiri wala kufanya muujiza wowote, alisikia sauti ya Baba ikisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Nilimwomba kijana aisome aya hiyo kwa sauti, halafu aisome tena.

Yaliyofanyika

Mafundisho hayo yasingetosha bila kazi ya mikono. Tuliandika madeni yote kwenye karatasi, yakiwemo yale aliyokuwa ameyaficha, na akaenda kumweleza baba yake mwenyewe. Baba alikasirika, kisha akakaa naye kupanga namna ya kulipa. Nguo alizonunua kwa mkopo na ambazo zilikuwa bado na thamani aliziuza, lakini nilimsihi asigawe zote kama alivyofanya mara ya kwanza. Alibaki na zile alizozipenda kwa haki na anazozimudu, akazivaa na kuzirudia. Jumapili ya kwanza aliporudi ibadani akiwa na shati ambalo kila mtu alikwisha kuliona, alitetemeka mikono. Hakuna aliyemwambia neno juu ya shati. Mtu mmoja alimuuliza hali ya mama yake, aliyekuwa mgonjwa wakati huo.

Kwa upande wa kanisa tulikubaliana mambo mawili. La kwanza ni kwamba wazee wajifunze majina ya vijana na kuwasalimu kwa habari za maisha yao, za masomo, za kazi, za nyumbani. Si kwamba kumwambia mtu amependeza kumekatazwa, bali lisiwe neno pekee analolisikia. La pili ni kwamba picha za waongozaji wa sifa mmoja mmoja ziache kuwekwa mtandaoni. Hili la pili lilipingwa na baadhi ya vijana, nami naelewa uchungu wao, lakini bado naona lilikuwa sahihi kwa kipindi kile.

Na ule ujuzi wake wa vitambaa haukuzikwa. Kitabu cha Kutoka kinasema mavazi ya Haruni yalitengenezwa na watu ambao Mungu aliwajaza roho ya hekima, na kwamba yalikuwa kwa utukufu na uzuri. Anayejua mshono mzuri amepewa kitu ambacho Mungu hakioni kuwa upuuzi. Kijana huyu sasa huwasaidia wenzake wanaokwenda kwenye usaili wa kazi na hawana nguo za kufaa. Hutafuta zilizotumika, hupunguza mikono, hukaza kiuno, hubadilisha vifungo. Nilimwona akimpimia kijana mdogo suruali iliyokuwa ndefu, akapiga magoti sakafuni na pini mdomoni, akarekebisha pindo hadi likatulia juu ya kiatu.

Yaliyobaki

Kisa hiki hakijafungwa. Katikati ya safari alinunua viatu ambavyo hakuweza kuvilipia, akavirudisha dukani baada ya kuzungumza na baba yake, na sioni sababu ya kudhani kwamba kishawishi hicho kimekwisha. Mzee mmoja anapendekeza waongozaji wote wa sifa wavae sare. Sare itapunguza kulinganishana pale mbele, na sina neno nayo kama itakuwa rahisi kwa kila mmoja kuipata, lakini nilimwomba asiitegemee kufanya kazi ambayo shati jeupe lilishindwa.

Suala gumu zaidi ni la kurudi kwake kuongoza sifa. Wazee wamemwalika, naye ameomba asubiri hadi deni la mwisho liishe, kwa kuwa, anasema, hapo ndipo atakuwa amestahili. Wazee wameliona ombi hilo kuwa la unyenyekevu na wamelikubali. Mimi naliogopa. Kusubiri ili apumzike na akomae ni jambo la busara, na kama hiyo ndiyo sababu ningemuunga mkono bila shaka. Lakini kusubiri ili astahili ni kujishonea vazi jingine la kusimama nalo mbele ya watu, safari hii la mtu asiye na deni. Nimewaomba wazee wamweleze kwamba akitaka kupumzika apumzike, ila wasikubali deni liwe sharti, na yeye nimemwambia hivyohivyo ana kwa ana. Bado hajakubaliana nami, na tunaendelea kulizungumza.